Pipi ya Chumvi

Wiki iliyopita kazini katoni moja ilianguka kutoka rafu ya juu kabisa, ikapasuka miguuni kwangu, na kabla sijainama kuokota chochote harufu ilikuwa imeshanikaba koo. Harufu ya zile pipi nyeusi za chumvi. Kama hujawahi kuzinusa, Mungu anakupenda. Zinanuka kama dawa ya kikohozi iliyolala kitanda kimoja na betri ya gari. Ukiweka moja mdomoni, ulimi unaomba ruhusa ya kuhama. Mimi naendesha folklifti, gari la kunyanyulia mizigo, kwenye ghala, na kwa jinsi ninavyopiga kelele na kuchekesha watu wananiita Redio. Basi siku ile redio ilizimika. Bosi akaja mbio: "Espe, umeumia mguu?" Nikamwambia ndiyo, mguu. Nikaenda nyuma ya matrela nikakaa chini.

Mguu haukuwa na kitu. Ngojeni niwaambie nyie kilichouma, maana sijawahi kumwambia mtu.

Nilikuwa na miaka kumi na nne mwaka ule wa lokdauni ya pili, ile ndefu, helikopta zikizunguka juu ya mtaa wetu wa Mount Druitt, huku Australia, kama nzi juu ya jipu. Ruhusa ilikuwa kilomita tano tu kutoka mlangoni kwako. Tulikaa kwenye zile nyumba zinazozaliwa mapacha, ukuta mmoja familia mbili: huku ukipiga chafya, kule wanavaa barakoa. Tulikuwa mimi na Mama tu. Baba tulimwacha kwenye kambi ya wakimbizi kule Kigoma, chini ya udongo mwekundu. Mama alikuwa anatunza wazee kwenye makao fulani, shifti juu ya shifti, na kila baada ya siku tatu wanamchokonoa pua kwa kijiti. Alisema ubongo wake sasa una mlango wa nyuma.

Upande wa pili wa ukuta aliishi bibi mmoja wa Kizungu, peke yake. Jina lake Ragnhild. Mama alilitafuna jina hilo mara tatu, akalitema likawa Ranili, na Bibi Ranili likabaki. Siku ya kwanza Mama alipompelekea sahani ya maharage, alirudi akasema, "Kumbe yule bibi ni mtunzi." Mimi nikasikia mtunza. Nikashangaa: bibi wa miaka karibu tisini, anatembea kwa kusukuma kigari cha magurudumu manne, anamtunza nani? Wiki nzima nilichungulia juu ya fensi nimwone huyo mgonjwa wake. Sikumwona. Nikaamua kamficha. Nikawatangazia watoto wa mtaa mzima kwamba chumbani mle kuna mzee wa miaka mia mbili, ndevu zimezunguka kitanda, anakunywa uji kwa mrija. Mpaka Mama akanivuta sikio. "Mtunzi, wewe mtoto! Anatunga. Hadithi za watoto na mashairi. Kutunza ni kazi yangu mimi."

Shule wakati ule ilikuwa ndani ya laptop ya kuazima. Nilikuwa nafungua asubuhi, nasema "present", nazima kamera, halafu huyo, kwenye ngazi ya Bibi Ranili. Ndiyo maana mpaka leo hesabu zenye herufi sizijui. Watu wanasema niliacha shule. Shule ndiyo iliyoniacha, mimi nilichelewa kugundua.

Yeye alikaa mlangoni kwenye kiti, mimi kwenye ngazi, na katikati yetu mita moja na nusu ya serikali. Hapo ndipo aliponisimulia maisha yake. Alizaliwa Norwei, juu kabisa, kwenye kisiwa ambacho jua likiondoka mwezi wa kumi na moja halirudi mpaka mwezi wa kwanza, na hakuna anayeliuliza lilikuwa wapi. Baba yake alikuwa mtu wa samaki wa chumvi. Wanapasuliwa, wanatiwa chumvi, wanatandazwa juu ya miamba. Wanawake wanaopasua samaki vidole vilikuwa vinawaganda, na Ranili, mtoto wa mwisho kati ya saba, kazi yake ilikuwa kukaa juu ya magunia ya chumvi na kuwasimulia wasahau baridi. Hadithi ikipoa, wanamrushia utumbo. "Nimesoma chuo cha utumbo," alikuwa akisema, na mimi nikaona hicho ndicho chuo changu.

Alipokua akaziandika zile hadithi. Vitabu tisa. Majitu yanayoogopa wanadamu, binti aliyeolewa na ukungu, mbwa aliyerithi kanisa. Na mashairi mafupi ambayo alinisomea kwa lugha yake, nami sikuelewa hata neno, ila miguu yangu iliacha kutikisika. Huko kwao alikuwa na jina. Watoto walivisoma na kuviviringisha vitabu vyake mpaka vikafanana na mahindi. Halafu akampenda baharia wa Australia akamfuata huku. "Wasomaji wangu niliwaacha bandarini wananipungia mkono," alisema. Huku hakuna aliyejua kusoma alichoandika. Mume akafa. Binti yake mmoja, Astri, shuleni walimcheka kwa lugha ile, akaikataa; mama yake akimwita kwa lugha ya kwao, yeye anaitika kwa Kiingereza. Hapo Bibi akanitazama juu ya miwani. "Kama wewe. Nakusikia ukutani." Kweli, Mama alikuwa akiniuliza kwa Kiswahili nami namjibu kwa Kiingereza. Nikajifanya nakuna goti.

Na bado aliendelea kuandika, kila siku, miaka hamsini. Nilimuuliza anamwandikia nani sasa. Akasema, "Mimi nimezoea kupikia watu hamsini. Hawaji. Lakini sufuria ndogo sina."

Likumbukeni neno hilo. Mimi nililikumbuka, kwa bahati mbaya.

Siku moja nilimwambia kwamba kwetu mtu akizidisha maneno tunasema anatia chumvi. Alicheka mpaka meno ya bandia yakahama. Akanitaka nirudie. Akaniuliza mara ya tatu kama sidanganyi. "Baba yangu alitia chumvi samaki," alisema akifuta macho, "na mimi nikatia chumvi maneno, na katika miaka yote hii hakuna lugha iliyoniambia kwamba tulikuwa kazi moja." Akaingia ndani na kigari chake, akarudi na pakiti ya zile pipi nyeusi, alizokuwa akitumiwa na Astri kwa posta. Tukafunga mkataba: nikileta habari yenye chumvi nzuri, pipi moja. Nikisema mvua imenyesha, sipati kitu. Nikisema mvua imenyesha mpaka samaki wamepanda kutoka mtoni wanagonga kadi zao pale stesheni, na mmoja amepigwa faini, pipi. Mwanzoni nilizitema kwenye maua. Baadaye nikazizoea. Baadaye nikawa nazidai.

Mwezi wa nane Kiingereza kilianza kumtoka, neno moja moja, kama meno. Leo kapoteza kijiko, kesho kapoteza Alhamisi, na kwenye pengo linaingia neno la kwao. Masikio nayo yalikuwa yamechoka. Lakini akili ilikuwa nzima, na hili nawaambia bila hata punje. Ila alianguka mara mbili bafuni. Astri alikuwa Perth, upande wa pili wa nchi, na mpaka wa kule ulikuwa umefungwa kama soda. Akaogopa, kama ambavyo ningeogopa mimi, akapiga simu ofisi moja inayopima wazee, waone kama mama yake bado anaweza kuishi peke yake. Ofisi haikuwa inatoka. Wakasema watampima kwa simu.

Bibi akagonga ukuta nikaenda. Safari hii hakuwa na mzaha. Alitafuta maneno yake ya Kiingereza kama mtu anayeokota shanga chini ya kitanda. "Espe. Kesho, simu. Wewe masikio yangu. Wewe mdomo wangu. Wakiona siwezi, wananichukua. Wakinichukua, hadithi inakufa."

Alikuwa anaandika ya mwisho. Ilikuwa ya msichana anayeishi ndani ya ukuta, katikati ya nyumba mbili. Wa huku wakimsikia wanadhani ni wa kule, wa kule wanadhani ni wa huku, na wote wanamwachia chakula mlango usio wake. Alikuwa amenisimulia mpaka katikati. Mwisho alisema bado unachemka.

Akainua kidole. "Kesho hakuna chumvi. Hata moja."

Nikaapa kwa kaburi la Baba.

Simu ililia saa nne asubuhi. Mama alikuwa kazini. Niliiweka kwenye ngazi, kwa spika, Bibi akainama mbele mkono sikioni, lakini hakuwa anapata kitu. Mwanamke wa ofisini alikuwa na sauti ya asali. Akauliza, bibi anakula? Nikasema anakula. Nikasikia kibodi, tap, tap, halafu basi. Anaoga? Anaoga. Tap. Nikaona majibu yangu yamekonda mbavu nje. Nikaona tunashindwa. Kwetu mtu akisifiwa anasifiwa mpaka majirani waje kutazama. Ukimsifu mtu kwa neno moja, maana yake kuna tatizo unaficha. Nikamtazama Bibi, vidole vyake vimeshika gauni. Na mdomo huu, Mungu ausamehe, ukafunguka wenyewe.

Anapika? "Anapika? Huyu anapikia watu hamsini! Kila siku!"

Kibodi ikaanza kukimbia. Analala vizuri? "Kulala yeye hana muda, anaandika, tangu Jumapili hajafumba jicho." Kibodi ikawa kama mvua juu ya bati. Ana watu wa kuongea nao? "Wengi mno. Kila asubuhi anaongea na baba yake." Nilimaanisha yale mashairi aliyomtungia. Sauti ya asali ikauliza baba yake yuko wapi. Nikasema, "Yuko kwenye chumvi." Na kutembea? "Ha! Mpaka juu ya paa anapanda." Kila nikitia chumvi vidole vya yule mwanamke vinakimbia zaidi, na mimi nikajua tunashinda. Akanishukuru sana. Akasema nimesaidia mno.

Bibi aliona mikono yangu ilivyokuwa ikiruka. Akauliza, "Chumvi?"

"Hata punje, Bibi."

Akapumua. Akanipa pipi mbili, zawadi ya kusema kweli.

Jioni nilimsimulia Mama huku nacheka, nikiigiza kibodi. Mama alikuwa anavua viatu. Kiatu kimoja kikabaki mkononi. "Mana yanje, Mungu wangu," alisema, "umesema anaongea na marehemu?" Mama aliyajua yale makaratasi, aliyaona kila siku kazini, alijua kila neno langu linaangukia kwenye kiboksi gani. Akanieleza polepole. Hakuning'ata kwa maneno, na bora angening'ata. "Chumvi ikishayeyuka kwenye mchuzi, mwanangu, hakuna kidole cha kuichota." Siku ya pili alipiga simu ofisini wakati wa mapumziko yake yote, akasikiliza muziki wa kusubiri mpaka akaujua kwa moyo. Mwisho akapata mtu. Wakamuuliza, wewe ni ndugu yake? Akasema ni jirani. Wakamshukuru, wakakata simu.

Baada ya siku sita ikaja vani nyeupe. Wakashuka wawili, wamevaa plastiki tangu kichwani, kama nyama ya dukani. Wakasema ni wiki mbili tu, mapumziko. Bibi alibishana nao kwa lugha ya kwao, halafu akachoka. Akaweka makaratasi yake mezani, akayanyoosha kingo, akayawekea jiwe juu, kwa sababu wiki mbili si kitu. Mmoja wa wale wa plastiki, mwanamke mwenye roho nzuri kabisa, akainama kwenye sikio lake lenye nafuu akapaza sauti: "Kule utapumzika mama, hutahitaji kuwapikia wale watu hamsini!"

Safari hii alisikia.

Akageuka akanitafuta. Nilikuwa kwenye fensi. Alinitazama kama mtu aliyeonja mchuzi akamjua aliyepika. Hakununa. Alitikisa kichwa mara moja tu, akapandishwa.

Makao aliyopelekwa yalikuwa kule Campbelltown, mbali kuliko kilomita zetu tano mara kumi, na wiki ile ile ugonjwa ukaingia mle ndani wakafunga milango. Zile wiki mbili zikazaa wiki nyingine. Mama alibembeleza mpaka mfanyakazi mmoja akakubali kumshikia tableti tumwone. Alikuwa amekuwa mdogo, mto wote umemzidi. Kiingereza kilikuwa kimekwisha, hata cha salamu. Alinijua lakini. Akasogeza uso karibu na kioo akasema neno moja, ambalo kwao na kwa Kiingereza ni lile lile.

"Salt, Espe."

Nyie, tangu ile siku ya vani nilikuwa nimeogopa. Nilikuwa nimejiwekea kufuli. Nilikuwa naongea kama ratiba ya treni. Nikamwambia: hali ya hewa nzuri. Mama hajambo. Maua yako nimeyamwagilia. Akafumba macho, akafumbua. "Salt," akasema tena, taratibu, kama anamfundisha mtoto kusoma. Nikadhani anataka pipi. Nikasema nitakutumia, Bibi, nitakutumia kesho. Mkono wa plastiki ukaichukua tableti.

Nilituma pakiti nzima. Siku ya tisa Mama alipigiwa simu, akaja kukaa kitandani kwangu na barakoa yake bado usoni, na sikuhitaji kuambiwa.

Mpaka wa Perth ulipofunguliwa Astri alikuja kusafisha nyumba. Mwanamke mrefu, mpole, macho ya mama yake. Alisimama kwenye fensi na karatasi ya ile ofisi mkononi. "Sikujua alikuwa amechanganyikiwa kiasi hiki," alimwambia Mama. "Anapikia watu hamsini. Anaongea na babu. Na kwenye simu na mimi alikuwa akijifanya mzima." Akalia hadi akashika fensi. Mama akanitazama. Mimi nikatazama ndala zangu. Mama angeweza kusema. Aliniachia nafasi niseme mwenyewe, nafasi kubwa, nyumba ingejengwa pale. Sikusema.

Kwenye vitu vilivyorudi kutoka makao ilikuwepo pakiti ya pipi, haijafunguliwa. Astri akanipa niichukue.

Makaratasi ya mezani aliyakuta chini ya jiwe lake. Hakuweza kuyasoma. Alituambia yameandikwa wakati mama yake hayuko sawa, na hataki kumkumbuka hivyo. Akayatia kwenye lile pipa la mfuniko wa njano, la taka za karatasi, akalisukuma mpaka barabarani. Lilisimama pale tangu saa tisa mchana, na lori lilikuja kesho yake asubuhi. Nilikuwa na miguu miwili mizima na hatua kumi na tano. Lakini ningeyachukua, angeniuliza kwa nini, na kwa nini yangu ilikuwa inaanzia kwenye ile simu. Nikasikia pipa likiinuliwa, likageuzwa, likarudishwa chini. Msichana wa ukutani akaenda na magazeti na maboksi ya pizza, na mpaka leo sijui kama alitoka.

Mama huwa anasema labda wangemchukua tu, alishaanguka mara mbili, si mimi. Mama ni mtunza, ndiyo kazi yake kusema hivyo.

Na lile neno lake la kwenye tableti nilikuja kulielewa nikiwa na miaka kumi na saba, nikiwa nimesimama kwenye foleni ya chipsi, bila sababu yoyote. Mwenye duka aliniuliza, "Salt?" Nikasogea pembeni, watu wakanipita. Bibi hakuwa anataka pipi. Alikuwa amelala mahali ambapo hakuna anayejua lugha yake, amezungukwa na plastiki, vidole vimemganda, na alikuwa ananiomba nikae juu ya gunia nimsimulie. Angesikia sauti yangu tu ikipanda na kushuka, ingetosha. Siku aliyonikataza chumvi niliimwaga yote. Siku aliyoiomba nilimpa hali ya hewa.

Namba ya Astri bado iko kwenye simu ya Mama. Nimeshaitafuta mara nyingi. Nitamwambia nini? Kwamba mama yako alikuwa mzima mpaka mwisho, na ile karatasi unayoitunza ni uongo wangu mimi? Ni kweli tupu, na mimi ni Redio, nani ataniamini.

Basi, siku ile kule nyuma ya matrela nilikuwa nimechukua pipi moja kutoka kwenye ile katoni iliyopasuka. Niliinyonya mpaka ikaisha yote. Halafu nikasimama, nikajipangusa, nikarudi kwenye folklifti yangu nikichechemea, kwa sababu nilishasema ni mguu.